Kuishi na familia ya wakulima ughaibuni: mwongozo kwa kijana anayetoka Dodoma

Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe. Kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Ujerumani, Denmark au Uholanzi, jembe lenyewe, yaani gambuti na ovaroli, unapewa jioni ya siku uliyofika, na hakuna anayehisi kwamba amekukosea heshima. Huhesabiwi mgeni, wala huhesabiwi kibarua. Unaingia kwenye nafasi ya kijana wa nyumbani: unakula mezani pao, unakamua nao, unaosha vyombo, unatumwa. Nafasi hiyo haina kanuni zilizobandikwa ukutani, na hapo ndipo wengi hukwama.

Mwongozo huu ni kwa wanaotoka Dodoma, Singida na vijiji vya kati kwenda kukaa kati ya miezi mitatu na mwaka mzima. Tumeegemea mashamba ya maziwa kwa sababu huko kazi inafuata saa kali kuliko kwingine na makosa yake ni ghali. Kuna jambo moja litakalojirudia humu: ukimya. Kwetu kijana asiyeuliza sana husifiwa kuwa ana adabu. Huko ukinyamaza wanaelewa kitu kimoja kati ya viwili: kwamba umeelewa kila kitu, au hujali.

Karatasi, kwa ufupi

Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja kwa nchi nyingi za Ulaya, inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya matibabu lazima igharamie angalau euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Kukaa zaidi ya hapo kunahitaji viza ya taifa husika, ambayo huchukua muda mrefu zaidi. Jihadhari na neno "kusaidia". Nchi nyingi huhesabu kusaidia shambani kuwa ni kazi hata kama hulipwi senti, kwa hiyo sababu iliyoandikwa kwenye viza ilingane na utakachofanya. Mitandao kama WWOOF, iliyoanzia Uingereza mwaka 1971, hukukutanisha na shamba linalokupa chakula na malazi kwa saa chache za kazi kila siku. Uanachama wake si viza, na wengi wamerudishwa uwanja wa ndege kwa kudhani ni viza.

Kabla hujakata tiketi, pata barua yenye mambo haya kwa maandishi: saa za kazi kwa siku, siku ya mapumziko, chumba chako mwenyewe chenye ufunguo, nani analipia nauli ya ndani, posho kama ipo, bima ya ajali ya shambani na ya hasara utakayomsababishia mtu mwingine, pamoja na jina na simu ya mratibu ambaye si ndugu wa familia hiyo. Mwenyeji mwema hachukizwi na maswali haya. Anayechukizwa amekujibu mapema.

Viatu, nyama kavu na mnada wa Msalato

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili. Ugonjwa wa miguu na midomo tunaishi nao. Mfugaji wa Kongwa akiona ng'ombe anachechemea na kudondosha mate anajua, na ng'ombe mkubwa mara nyingi hupona. Ulaya Magharibi ni janga. Uingereza mwaka 2001 mlipuko mmoja uliishia kwa kuchinjwa mifugo zaidi ya milioni 6. Januari 2025 ulipogunduliwa kwa nyati-maji katika jimbo la Brandenburg, Ujerumani, ilikuwa mara ya kwanza nchini humo tangu 1988, na nchi kadhaa zilifunga milango kwa nyama na maziwa ya Ujerumani papo hapo. Kirusi chake husafiri kwenye tope la soli, kwenye nyama na kwenye maziwa.

Kwa hiyo wiki ya safari usiende Msalato mnadani, hata kwa nyama choma tu, wala usiingie zizini kuaga ng'ombe wa babu. Mwandikie mwenyeji siku uliyogusa mifugo mara ya mwisho, umuulize anataka zipite saa ngapi kabla hujaingia bandani mwake. Mashamba mengine, hasa ya nguruwe, hudai saa 48 au zaidi. Viatu vya kusafiria viwe ambavyo havijawahi kukanyaga samadi. Kama huna vingine, chokoa tope lote kwenye soli kwa kijiti, sugua kwa brashi na sabuni, kausha juani, ndipo upake dawa ya kuua vijidudu. Ukianza na dawa juu ya tope umefanya kazi bure, kwa sababu dawa haipenyi uchafu. Ukienda Marekani, fomu ya forodha inauliza kama umekuwa shambani au karibu na mifugo. Jibu ndiyo. Watakagua viatu na utapita. Aliyejibu hapana akakutwa na tope ndiye mwenye matatizo.

Zawadi nazo zina sheria. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa kutoka nchi kama yetu, na samli ni maziwa. Matunda mabichi bila cheti cha afya ya mimea ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani, zabibu zetu mbichi hazimo. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2 kwa mtu, kwa hiyo chupa ya asali ya Manyoni au Itigi ni zawadi nzuri, ikifungwa kwenye mifuko miwili ya nailoni na kuwekwa kwenye begi kubwa. Divai ya Dodoma pia inapita, hadi lita 4 kwa aliyetimiza miaka 17. Zeze au ngoma iliyowambwa ngozi isiyopitia kiwandani iache nyumbani. Mbegu usibebe kabisa. Kanga haina shida yoyote, ila chagua jina lake kwa busara, maana swali la kwanza mezani litakuwa: "Yameandikwa nini hapa?"

Nguo

Baridi ya Dodoma ya Juni na Julai isikudanganye. Hiyo huondoka saa tatu asubuhi. Vaa matabaka matatu: fulana na suruali ya ndani ya kubana, sweta ya sufu, kisha koti lisilopitisha upepo na maji. Mitumba inatosha kwa sweta na koti. Suruali ya jinsi haifai bandani, kwani ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Soksi za sufu jozi 4. Gambuti usinunue huku. Mwambie mwenyeji namba ya mguu wako kwa vipimo vya Ulaya, izidi moja tu ili soksi nene iingie. Ikizidi mbili utajikwaa kwenye sakafu yenye maji.

Tenga nguo za banda na nguo za ndani, zisikutane hata siku moja. Harufu ya malisho yaliyovundikwa, yaani saileji, hushika kwenye nywele na vitambaa, na wewe utaizoea kabla wenzako hawajaizoea. Familia nyingi zina chumba cha kubadilishia karibu na mlango wa nyuma. Kiulizie siku ya kwanza. Mwenye rasta au nywele ndefu azifunge zote ndani ya kofia, sababu utaiona mbele. Chukua mafuta ya mgando makopo mawili: maji, baridi na dawa ya iodini hupasua vidole ndani ya wiki moja.

Saa

Wengi huharibu siku ya kwanza hapa. Mwenyeji akikuambia ukamuaji ni saa tano, anamaanisha saa 11 alfajiri yetu. Weka simu kwenye saa 24 na uache kutafsiri kichwani: 05:00 ni ukamuaji wa asubuhi, 17:00 wa jioni. Mtego wa pili ni nusu. Mjerumani akisema "halb sechs" utadhani ni sita na nusu. Ni tano na nusu, yaani nusu ya kuelekea sita. Waholanzi na Wadenishi huhesabu vivyo hivyo. Ukifuata ulivyosikia utafika saa nzima baadaye. Rudia muda kwa tarakimu, "tano na thelathini?", usubiri aitikie.

Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele saa moja, na ya mwisho ya Oktoba hurudishwa. Tofauti na nyumbani inakuwa saa 1 majira ya joto, saa 2 majira ya baridi. Mwambie mama, asije akakupigia ukiwa katikati ya ukamuaji. Mwanga wenyewe utakushangaza: Denmark mwezi Desemba jua hukaa angani saa 7 hivi, Juni hufika saa 17. Desemba ndio mwezi wa upweke kwa mtu aliyezoea saa 12 za jua mwaka mzima. Toka nje kila siku saa sita mchana, hata dakika 20, hata kama hakuna kazi.

Siku tatu za kwanza

Omba kuzungushwa shamba zima ukiwa na daftari. Andika: swichi kuu ya umeme iko wapi, kizima moto kiko wapi, anwani kamili ya shamba kama utakavyoisoma ukipiga 112, namba ya dharura ya Ulaya, mbwa yupi anauma, dume yuko zizi gani, lango lipi hufungwa daima, ng'ombe aliye kwenye dawa anawekwa alama gani. Lango utaliacha kama ulivyolikuta, la wazi wazi, la kufungwa limefungwa, hata kama unaona lingependeza vingine.

Jifunze maneno ya usalama kabla ya maneno ya adabu. Kwa Kijerumani: "Halt" simama, "Vorsicht" angalia, "zu" imefungwa, "auf" iko wazi, "links" kushoto, "rechts" kulia. Mtu akikupigia kelele nyuma ya trekta hana muda wa kutafuta Kiingereza.

Ukielekezwa kazi, usiseme "sawa". Irudie kwa maneno yako au uifanye mbele yake mara moja. Kongwa inajua gharama ya mgeni asiyeuliza: mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji, mvua ikawa haba, na kufikia 1951 mradi ukafutwa. Wazee wa pale waliujua udongo ule. Sasa ni zamu yako kuwa mgeni mwenye kiburi au mgeni mwenye maswali.

Salamu ni fupi. Hakuna shikamoo, wala mbukwenyi inayoulizia watoto, mifugo na mvua kabla ya shida iliyokuleta. Alfajiri ni "Morgen", kisha kazi. Wala si ukali. Mzee wa miaka 80 huenda akakutaka umwite kwa jina lake la kwanza; subiri akuambie, halafu umwite hivyo bila aibu. Mlango wa chumba ukifungwa haina maana wamekasirika. Gonga, usubiri sauti. Hodi ya kuingia huku unaita hawaijui.

Mezani

Kwetu ukikaribishwa chakula unakataa kidogo, unabembelezwa, unakubali. Huko ukikataa mara moja sahani inaondoka na utalala na njaa. Useme ndiyo ukiwa unataka. Pakua kidogo kwanza, umalize, uongeze: kubakiza chakula kunaudhi kuliko kuomba tena. Usianze kula mpaka wote wameketi.

Ujerumani, familia nyingi za wakulima hula cha moto mchana, na jioni mkate, jibini na vipande vya nyama baridi. Mtu aliyezoea ugali wa mtama usiku atahisi amenyimwa. Wala hujanyimwa, ndicho chakula chenyewe. Kula mkate mweusi, unashibisha kuliko unavyoonekana. Baada ya wiki mbili omba jioni moja upike wewe. Unga wa mahindi utaupata madukani kwa jina la polenta: ni wa njano na una chenga, hivyo unahitaji maji mengi na muda mrefu zaidi jikoni kuliko sembe, na ugali wake hauvutiki. Bamia zipo kwenye maduka ya Waturuki. Mlenda utabaki ndoto.

Kama huli nguruwe, sema kwenye barua ya kwanza na urudie ukifika, kwa sababu soseji na hata mchuzi wa mboga mara nyingi huwa naye. Pombe ukiikataa wazi kwa tabasamu, hakuna atakayekulazimisha. Na usidhani mama mwenye nyumba ni mpishi wenu: mara nyingi ndiye anayeshika hesabu za shamba na kuendesha trekta, na baba ndiye anayeosha sufuria. Kijana wa kiume anayeinuka mezani akaacha sahani yake pale husemwa siku hiyo hiyo.

Kukamua kwa mashine

Ng'ombe wetu wa Kigogo hutoa lita moja au mbili huku ndama amesimama kando kumshusha maziwa. Holstein wa huko, lita 30 kwa siku si ajabu, na ndama hayupo. Kinachoshusha maziwa ni mkono wako, na saa inahesabu.

1. Vaa glavu. Vidole vyenye mipasuko hubeba vijidudu vya ugonjwa wa kiwele kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine.
2. Kamua kwa mkono michirizi 3 au 4 kutoka kila chuchu kwenye kikombe cha kukagulia. Tafuta mabonge, majimaji au damu. Michirizi hiyo pia ndiyo inayoiamsha homoni ya kushusha maziwa.
3. Futa chuchu, hasa ncha, kwa kitambaa kimoja kwa ng'ombe mmoja. Kitambaa kimoja kwa ng'ombe wawili ni kosa linaloonekana dogo na kuleta daktari.
4. Valisha vikombe vya mashine sekunde 60 hadi 90 baada ya kumgusa mara ya kwanza. Ukiwahi, mashine inavuta chuchu tupu. Ukichelewa, homoni imeshapita na maziwa yanabaki kiweleni. Ukisikia mluzi wa hewa, kikombe hakijakaa sawa.
5. Maziwa yakikoma, zima mvuto kwanza, ndipo uvitoe. Kuvivuta kwa nguvu mvuto ukiwa unafanya kazi huumiza ncha ya chuchu.
6. Chovya chuchu zote kwenye dawa mara moja, kisha ng'ombe apate chakula kibichi mbele yake ili asimame. Tundu la chuchu hubaki wazi karibu nusu saa. Akilala kwenye samadi muda huo, anaambukizwa.

Sasa kosa kubwa kuliko yote. Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibayotiki huwekwa alama, mara nyingi ukanda wa rangi mguuni, na maziwa yake hayaingii kwenye tangi kwa siku zilizoandikwa kwenye dawa. Ukimuunganisha kwa bahati mbaya, ng'ombe mmoja huharibu tangi lenye maelfu ya lita. Piga kelele dakika hiyo hiyo. Mwenyeji akijua kabla lori halijafika, anamwaga tangi lake na bima huenda ikasaidia. Ukinyamaza, maziwa yanaingia kwenye lori pamoja na ya majirani, kiwandani yanapimwa, mzigo mzima unamwagwa na mwenyeji wako ndiye anayedaiwa. Kati ya matokeo hayo mawili kilichobadilika ni ulimi wako tu.

Ndama

Hapa vijana wetu huumia moyo. Kwenye mashamba mengi ndama hutenganishwa na mama siku ya kwanza, na ng'ombe hulia. Unaweza kuuliza kwa nini. Utajibiwa kuhusu magonjwa, kipimo cha maziwa na kwamba wakikaa pamoja muda mrefu utengano huwa mgumu zaidi. Hata wakulima wa huko hawakubaliani wote juu ya jambo hili, na huna haja ya kulipenda ili ulifanye vizuri.

Dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ndiyo uhai wake: lita 3 hadi 4 mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache za mwanzo, kwa sababu utumbo wake huacha kufyonza kinga ndani ya siku moja. Baadaye maziwa yawe na joto la nyuzi 38 hadi 40, kwa kipimajoto, si kwa kidole chenye glavu. Yakiwa vuguvugu au ndoo ikiwa chafu, anaharisha. Ndama mdogo asiyekuja kwenye ndoo asubuhi ni habari ya kusema mara moja, hata kama mwenyeji yuko simuni.

Vitu vinavyoua

Shafti inayounganisha trekta na mashine huzunguka mara 540 kwa dakika, nyingine 1,000. Hiyo 540 ni mizunguko 9 kwa sekunde moja. Kanga, kamba ya koti, skafu au rasta ikishikwa, hakuna muda wa kupiga ukelele. Usiivuke, usiiname juu yake, usiitoe nyasi iliyonasa mpaka injini imezimwa na funguo iko mfukoni mwa aliye nje.

Samadi ya maji ikikorogwa hutoa gesi. Ikiwa kidogo inanuka kama yai viza. Ikizidi inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu ikikatika ghafla ndiyo hatari imeiva. Siku ya kukoroga kaa nje ya banda. Mtu akianguka kwenye shimo, usimfuate: piga 112, ita watu, fungua milango. Wanaokufa kwenye mashimo haya mara nyingi ni wawili, wa pili akiwa aliyeingia kumwokoa wa kwanza.

Dume wa maziwa ni mkali kuliko dume wetu wa kulimia, hata kama alilelewa kwa chupa. Waya wa uzio wa umeme unashtua, hauui mtu mzima mwenye afya. Trekta usiendeshe mpaka umefundishwa na kuambiwa kwamba bima inakuhusu, hata kama kwenu unaendesha.

Ndani ya nyumba

Vua viatu mlangoni. Kuoga dakika 5, maji ya moto ni pesa. Dirisha la chumba lifunguliwe wazi kabisa dakika 5 asubuhi na jioni, kisha lifungwe. Ukiliacha nusu wazi siku nzima na hita inawaka unapasha joto bustani, na ukilifunga mwezi mzima ukuta unaota ukungu. Taka hutenganishwa kwa rangi za mapipa na rangi hizo hubadilika kutoka wilaya hadi wilaya, kwa hiyo uliza. Ujerumani chupa nyingi za plastiki zina dhamana ya senti 25, zirudishwe dukani. Chaja ya pini tatu za mraba haiingii ukutani. Nunua kiunganishi cha pini mbili za duara. Mbwa anaweza kuwa anaishi sebuleni. Kama dini au malezi yako hayakuruhusu akulambe, sema mapema, bila kumpiga teke mbwa.

Picha za watoto wa wenyeji usizirushe mtandaoni bila ruhusa ya wazazi. Hili huvunja uhusiano haraka kuliko kuvunja kifaa.

Mambo yakienda kombo

Ombeni dakika 15 kila wiki, jioni ile ile, mketi mzungumze kazi ilivyokwenda. Njoo na mambo mawili yaliyoandikwa: ulichokosea na unachohitaji. "Ningependa kupumzika Jumapili mchana kama tulivyoandika" ni sentensi ya kawaida kabisa kwao. Kuzunguka kwa mifano na kumtuma mtu wa tatu, njia yetu ya heshima, huwafanya wadhani umewasengenya. Nao watakuambia kosa lako usoni bila utangulizi. Likishasemwa limekwisha, dakika kumi baadaye anakumiminia kahawa.

Yapo mengine yasiyojadiliwa kwenye kahawa. Pasipoti ni yako na inakaa kwako; anayeitaka aitunze amevuka mpaka. Saa za kazi zinazozidi barua wiki baada ya wiki, chumba kisicho na ufunguo, mkono unaokugusa usipotaka: mpigie mratibu siku hiyo, na kama kuna hatari, 112. Andika tarehe na saa kwenye daftari lako. Huna deni la shukrani linalokulazimisha kuvumilia.

Wiki ya mwisho

Osha gambuti na ovaroli, vua shuka, safisha chumba hadi chini ya kitanda, rudisha funguo mkononi mwa mtu. Omba barua yenye tarehe na kazi ulizojifunza, zikitajwa moja moja: ukamuaji, ulishaji ndama, usafi wa mashine. Barua inayosema tu kwamba ulikuwa kijana mzuri haitakusaidia kwa mwajiri.

Usirudi na ndoto ya Holstein. Joto la Dodoma na malisho ya Oktoba vitamwangusha kabla hajakulipa. Rudi na vipimo. Kikombe cha kukagulia, kitambaa kimoja kwa ng'ombe mmoja, kuchovya chuchu na dang'a ya mapema havihitaji umeme wala mkopo, na vinafanya kazi kwa ng'ombe wa lita mbili kama kwa wa lita 30. Siku ya mwisho bandani, nakili lebo ya dawa ya kuchovya: jina la kiambato, asilimia yake na uwiano wa kuchanganya na maji. Ukifika Mpwapwa au Kongwa, onyesha karatasi hiyo duka la pembejeo za mifugo na uulize wana ipi inayolingana.